Kalia Mikono

Chuoni kila mtu alimwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kijana alikuwa na mdomo, jamani! Aliamka anaongea, alipiga mswaki anaongea, na wenzake wa bweni waliapa kwamba hata usingizini aliwahi kumshawishi mtu anunue godoro. Ukimwuliza saa ngapi, alikupa saa na historia ya saa yenyewe. Mwongo hakuwa, hilo tuliweke wazi mapema, na roho mbaya hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa tu na maneno mengi kuliko watu wa kuyasikiliza.

Alikuwa akisoma biashara, na darasani mdomo huo ulimbeba sana. Wenzake walipopanda mbele kuwasilisha kazi zao, kijasho chembamba kiliwatoka na karatasi ziliwatetemeka mikononi. Redio alipanda mikono mitupu, akitabasamu, na kabla hajamaliza salamu darasa lilikuwa lake. Wahadhiri walimpenda. Alama alipata. Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo atajuaje kwamba kuna kitu hakijui?

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja, shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Huyo ndiye aliyemlea tangu hajaota meno vizuri, na alimlea ndani ya duka lake la ushonaji. Kilikuwa chumba kimoja kando ya barabara chenye mlango wa bati unaofunguka kwa kelele, cherehani dirishani, sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa pale pembeni, na katikati meza ndefu ya kukatia vitambaa iliyolainika kwa kupitishwa mikono miaka nenda miaka rudi. Redio alijifunza kutembea akiishikilia miguu ya meza hiyo, huku vipande vya vitambaa vikimnasa vidoleni.

Shangazi alikuwa fundi wa mapazia. Na mapazia, kama hujawahi kuyakata, ni mzigo. Kitambaa ni kizito, kinakunjwa mara mbili, na mkasi wake una uzito wa pasi. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilianza kumsumbua kidogo kidogo, halafu kikavimba shinani, halafu kikakataa kabisa. Jioni alikitia ndani ya maji ya moto na chumvi akafumba macho. Daktari alimwambia akipumzishe. Akipumzishe! Unamwambia fundi apumzishe kidole gumba, si umwambie tu afunge duka?

Na ndivyo alivyoamua. Alimwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi atarudisha ufunguo, auze meza na cherehani, aende akaishi kwa mdogo wake mbali huko, akasaidie kulea watoto. Alimpa Redio habari hiyo akiwa anakunja kitambaa, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema kesho kutanyesha. Lakini Redio alimwona anavyoipapasa meza ile, na moyo ulimchoma. Aliapa palepale kwamba duka halifungwi.

Basi akatengeneza kitu. Usimdharau kwa sababu ya maneno yake, mikono pia alikuwa nayo. Alichonga mpini wa mbao, akaupasua mwanya, akaupachika wembe wa kukatia karatasi, na chini akaufunga kitako chembamba cha bati kinachopita chini ya kitambaa. Unakiweka mwanzoni mwa mstari wa chaki, unasukuma kwa kiganja, kitambaa kinafunguka chenyewe. Kidole gumba hakina kazi, kimepumzika kama daktari alivyotaka. Alikiita Teleza.

Siku alipompelekea shangazi, alisimama mezani akakata pazia zima mbele yake huku akieleza wembe ulivyokaa, kwa nini bati na si plastiki, na jinsi mafundi wa dunia nzima watakavyomlilia. Kisha akaukamata mkono wa shangazi, akaupachika kwenye mpini, akaweka wake juu, wakasukuma pamoja. Kitambaa kikafunguka vizuri kabisa. Shangazi alipiga vigelegele. Machozi yalimtoka.

"Mwanangu," alisema, "umeniokoa."

Darasani nako alipeleka ya pili, aliyoichonga kama ile ya shangazi, akakata na kueleza, akapigiwa makofi hadi madirisha yakatetemeka. Na kila alipopita dukani aliuliza, "Shangazi, Teleza inakwendaje?" na shangazi alijibu, "Inateleza, baba, inateleza." Kabla hajaongeza neno Redio alikuwa ameshashika usukani wa mazungumzo. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Habari ya kurudisha ufunguo ilikuwa bado iko palepale. Alipomgusia, shangazi alisema ni uzee tu, amechoka. Redio hakuelewa, lakini alijiambia kwamba akipata mahali pa kuiboresha zaidi Teleza, pengine uzee utabadili mawazo.

Hapo ndipo aliposikia habari za Wajumamosi.

Hawa walikuwa wanafunzi waliokutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha zamani cha kuchorea ramani, kule nyuma ya jengo la uhandisi, wajifunze kuanzisha biashara kwa kuzianzisha kweli. Hawakupewa alama wala cheti. Walikalia viti virefu visivyo na mgongo, na katikati waliweka meza kubwa zenye alama za wino wa watu waliohitimu zamani. Aliyewaongoza alikuwa mhadhiri wa mambo ya udongo na misingi ya majengo, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Kwa kazi hiyo ya Jumamosi hakulipwa kitu. Mkuu wa idara alimnung'unikia kuhusu umeme na kuhusu ufunguo, naye alimjibu "Ndiyo, mkuu," kisha Jumamosi akafungua mlango kama kawaida. Watu wa namna hii wapo, na mimi nasema bila aibu kwamba vyuo vingi vimesimama kwa migongo yao, mshahara ukiwa unalipa shughuli nyingine.

Mwalimu huyu alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyowafukuza wengi. Ukitengeneza kitu, unakiweka mezani. Analetwa mtu asiyekijua, anakitumia. Wewe unakaa kwenye kiti pembeni, unaweka viganja vyako chini ya mapaja, unavikalia, na mdomo unaufunga. Huelezi. Husaidii. Hujitetei. Unatazama tu mpaka yule mtu akiweke chini mwenyewe. Waliiita kukalia mikono.

"Atakayenunua kitu chako," Mwalimu alisema, "hatakukuta wewe ndani ya boksi unamsubiri umweleze."

Redio alikwenda akiwa na ile Teleza yake ya pili mfukoni. Tuseme ukweli, alikwenda kupokea makofi mengine. Jumamosi ya kwanza alimwona binti mmoja wa uuguzi akikalia mikono huku mgeni akihangaika na kisanduku cha dawa alichomtengenezea babu yake. Mgeni alivuta kifuniko, akakisukuma, akakigonga mezani, akajaribu hadi kwa meno. Kifuniko kiligoma. Binti aliuma mdomo hadi ukawa mweupe. Mwisho alicheka na kulia kwa pamoja, akaandika jambo kwenye kiganja chake, akamshukuru yule mgeni kana kwamba amepewa zawadi. Redio alimwonea huruma. Moyoni alisema, maskini, angejua kueleza vizuri tu, yasingemkuta haya.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu yake. Mwalimu alimwita mkutubi wa chuo, mama mpole aliyezoea kujalidi vitabu vilivyochanika na hivyo kukata kitambaa hakukuwa kugeni kwake. Mezani walitandika kitambaa kizito, wakachora mstari wa chaki. Teleza ikawekwa pembeni. Redio akakalia mikono.

Mkutubi aliichukua kwa mkono wa kulia. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akapata kitako, akakipitisha chini ya kitambaa, akasukuma. Kitambaa kikajikunja.

Redio akakohoa.

"Redio," Mwalimu alisema.

"Kikohozi tu, Mwalimu."

Mkutubi alianza upya. Safari hii wembe ulikata, lakini yeye alikuwa amepinda shingo kama kuku anayetafuta punje, anachungulia upande huu, anachungulia upande ule. Redio alianza kuguna. Halafu akaanza kuelekeza kwa nyusi. Halafu kwa kidevu.

"Na uso wako pia ukalie," Mwalimu alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko, Redio mwenyewe akiwemo, ingawa cha kwake kilikuwa kikavu.

Mstari wa chaki ulikuwa umenyooka. Mkato wa mkutubi ulikwenda mrama, ukatoka nje ya mstari, ukarudi, ukatoka tena. Aliiweka Teleza chini kwa adabu.

"Ni kitu kizuri," alisema. "Labda ni mimi tu sijazoea."

Akaitwa binti wa uuguzi. Naye aliichukua kwa mkono wa kulia, akapinda shingo vilevile, akakata mrama vilevile, akasema maneno yaleyale ya kujilaumu. Hapo Redio uvumilivu ulimwishia. Aliruka kutoka kitini.

"Mnaishika vibaya! Jamani, ni rahisi, tazameni!"

Akainyakua, akaiweka kwenye kitambaa, na swii, ikakimbia kwenye mstari mwanzo mpaka mwisho bila kutikisika. Akageuka akisubiri makofi. Hakuna aliyepiga. Watu walikuwa wanautazama mkono wake.

"Rudia," Mwalimu alisema kwa upole. "Polepole."

Akarudia polepole. Na katikati ya kitambaa, akiwa anasukuma, naye akautazama. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Mpini ule aliuchonga ulale kidogo upande mmoja ili kiganja kikae vizuri. Kiganja chake. Ukiushika kwa kushoto, mstari wa chaki uko wazi mbele ya macho yako. Ukiushika kwa kulia, mpini unauziba, na unabaki kubahatisha kama mtu anayevuka barabara amefumba macho. Alikuwa ametengeneza kifaa cha mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye. Na kwa sababu kila mahali alikitumia yeye na kukieleza yeye, hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia.

Unaweza kujiuliza mtu anasahauje mkono wake mwenyewe. Lakini Redio alilelewa katika nyumba ambayo habari za mkono wa kushoto hazikuzungumzwa kamwe. Ulikuwa mkono tu, kama mikono mingine.

"Lakini shangazi yangu anaitumia!" alisema. "Anaitumia kila siku. Ameniambia!"

"Umemwona?" Mwalimu aliuliza.

Redio akafungua mdomo. Akaufunga. Wenzake waliokuwepo wanasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiufunga bila kuamriwa. Alikumbuka siku ile, mkono wake juu ya mkono wa shangazi. Alikumbuka "inateleza, baba, inateleza." Alikumbuka kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuiona Teleza juu ya meza.

Mwalimu hakumhutubia. Alimsogezea kiti, akamngoja akae, akamwambia, "Sasa unajua kitu ambacho asubuhi hukukijua. Nenda nacho nyumbani."

Alikwenda siku hiyohiyo. Shangazi alikuwa ameinama mezani na mkasi wake mzito, kidole gumba amekifunga tambara. Alipomwona akauficha mkono nyuma, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Karibu, baba! Mbona hukusema kama unakuja?"

"Shangazi, Teleza iko wapi?"

"Ipo, ipo." Akaenda kwenye kabati, akatoa kifurushi cha hariri, akakifungua. Teleza ilikuwa imefungwa humo kama kito. Wembe wake ulikuwa unang'aa, kana kwamba tangu siku ile haujagusa uzi.

Redio akavuta kigoda, akakaa, akaviweka viganja chini ya mapaja.

"Naomba ukate pazia, shangazi. Mimi nitatazama tu. Sitasema kitu."

"Wewe? Usiseme kitu?" Shangazi akacheka. Lakini aliuona uso wake, akaacha.

Aliishika kwanza kwa kushoto, kama alivyoelekezwa siku ile. Mkono huo haukuzoea kukata, kitambaa kikachanika. Akaihamishia kulia. Akapinda shingo. Akachungulia huku na huku, akasukuma kwa mapenzi yake yote, na mkato ukaenda mrama. Akaanza tena. Ukaenda mrama. Redio alikalia mikono yake mpaka ikamuuma. Kuna kimya kinachouma kuliko tusi, na yeye alikikaa chote, kwa sababu alitaka safari hii amwone shangazi yake na asijione yeye.

Mwisho shangazi aliiweka Teleza chini, akaketi juu ya marobota, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Sikuweza, baba. Toka siku ya kwanza sikuweza."

"Kwa nini hukuniambia, shangazi? Ukanivisha kilemba cha ukoka siku zote hizi!"

"Ningekuambiaje? Unakumbuka shule yako ya kwanza?"

Alikumbuka kidogo. Alikumbuka mwalimu aliyeufunga mkono wake wa kushoto kwenye dawati kwa utepe wa kitambaa, ili ajifunze kuandika na ule mwingine. Alikumbuka mlango wa darasa ukifunguka, na shangazi akiingia na mkasi wake wa mapazia, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakumgombeza mtu. Alimfikia pale dawatini, akaukata utepe, akasema darasa zima lisikie kwamba mkono huu hauna kosa lolote.

"Siku ile tulivyorudi uliniuliza, shangazi, mkono wangu ni mbaya? Nikaapa," shangazi alisema. "Nikaapa kwamba ndani ya nyumba yangu, hutausikia mkono wako ukiitwa kasoro. Na hutakuja kuusikia kwangu. Sasa umeniletea kitu umekitengeneza kwa mkono huohuo, kwa ajili yangu, unacheka unafurahi. Mimi ndiye nikuambie kosa liko mkononi? Afadhali duka lifungwe."

Redio alilia. Hakujificha. Alikuwa amefika pale akidhani amedanganywa, kumbe alikuwa bado analindwa, mwanamume mzima mwenye ndevu, na mwanamke mwenye kidole kilichovimba aliyekuwa tayari kupoteza meza yake kuliko kumvunja moyo. Ni nani anayelindwa hivyo? Alisogea akaketi chini kwenye vipande vya vitambaa, kichwa magotini kwa shangazi, kama zamani.

"Mkono hauna kosa, shangazi," alisema mwishowe. "Ila mpini ndio una kosa. Na mpini huchongwa upya."

Shangazi akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni, hadi sanamu lisilo na kichwa likatikisika.

"Hee! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo?"

Walikanda unga na maji, donge la ukubwa wa ngumi. Shangazi akalishika kana kwamba anasukuma Teleza, akalibana, akaliacha. Alama za kiganja chake zikabaki mle. Redio alilibeba donge hilo hadi chuoni ndani ya sufuria kana kwamba amebeba yai. Mwalimu akamfungulia chumba alasiri za katikati ya wiki, akasimama mwenyewe mbele ya mkuu wa idara alipokuja kuuliza kelele za randa ni za nini. Binti wa uuguzi, aliyesoma mambo ya viungo, alimwonyesha mahali ambapo mpini haupaswi kukandamiza. Mkutubi alileta vitambaa vyake vya kujalidia. Hakuna kati yao aliyekuwa na deni naye. Redio alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye mbao, anawatazama, na kitu cha joto kinampanda kifuani.

Tatizo likawa shangazi. Maana akishaonja utamu wa kusema kweli, hakukamatika tena! Mpini wa kwanza aliukataa kabla haujagusa kitambaa.

"Huu mnene. Hiki ni kifaa au mguu wa kitanda?"

Wa pili ulimchubua. Wa tatu, alisema, unanuka vanishi na unamtia kizunguzungu. Redio kila mara alikaa kwenye kigoda, viganja chini ya mapaja, akisikiliza, na ajabu ni kwamba hakuumia. Kila lawama ilikuwa kama mlango unafunguliwa. Alianza kuelewa kwa nini binti wa uuguzi alimshukuru mtu aliyeshindwa kufungua kisanduku chake.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi alifika chumba cha ramani mapema kuliko wote, akafagia, akapanga viti. Mwalimu alipoingia alimkuta anafuta meza.

"Mwalimu," alisema, na maneno yakamkimbia, yeye Redio. "Mwalimu, mimi... mama, nashukuru sana."

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Nimekufundisha nini mimi zaidi ya kukaa?"

"Hicho hicho, mama."

Akacheka, akampa kitambaa cha pili, wakafuta meza pamoja.

Mwisho wa mwezi ulipofika, mwenye nyumba alikuja asubuhi kuchukua ufunguo. Alikuwa mzee mstaarabu, hakupenda kazi hiyo, na alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia. Ndani alimkuta Redio juu ya kigoda, amenyamaza, mikono haionekani. Shangazi alikuwa kichwani mwa meza ndefu. Mbele yake kitambaa kizito cha buluu kilikuwa kimetandikwa mwanzo mpaka mwisho, na mstari wa chaki katikati. Mkononi mwake, mkono wa kulia, alikuwa na mpini mpya ambao haujapakwa rangi, uliotoka chuoni jana yake. Alikuwa bado hajaujaribu.

"Samahani, dada, nimekuja kwa ule ufunguo," mwenye nyumba alianza.

"Subiri kidogo," shangazi alisema. "Nikishindwa, huo hapo msumarini, uuchukue."

Akaweka kitako chini ya kitambaa. Redio aliacha kupumua. Alijua kwa nini asiseme, alijua kwa nini asisogee, lakini kila kidole chini ya mapaja yake kilitaka kuruka kikasaidie. Shangazi akasukuma.

Hakupinda shingo. Macho yake yalikuwa kwenye chaki, na chaki ilikuwa mbele yake, wazi. Kitambaa kilifunguka taratibu, kisha haraka, naye akawa anatembea nacho kando ya meza, hatua kwa hatua, kiganja kinasukuma, kidole gumba kimelala juu kama bwana mkubwa. Alipofika mwisho, vipande viwili viliachana vikaanguka huku na huku. Mkato ulikuwa umenyooka kama rula.

Shangazi alisimama akiutazama mkono wake. Akaukunja, akaukunjua.

"Hakiumi," alisema. Kisha kwa sauti ya juu, "Hakiumi!"

Na hapo, jamani, mdomo ulimfunguka. Alimkamata mwenye nyumba, akamvuta mezani, akamwonyesha wembe ulivyokaa, akamweleza kwa nini bati na si plastiki, akamsimulia donge la unga, chumba cha ramani, binti wa uuguzi, na mama mmoja huko chuoni anayefundisha vijana kukalia mikono, Mungu ampe maisha marefu. Mwenye nyumba aliitikia "naam, naam," akarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Ufunguo ulibaki msumarini, hata hakuutazama.

"Na huyu kijana wako," aliuliza akiwa tayari nje, "mbona leo yuko kimya hivi? Anaumwa?"

"Haumwi," shangazi alisema. "Anafanya kazi."

Alipoondoka, shangazi alienda kabatini, akaitoa Teleza ya kwanza kutoka kwenye hariri yake. Akaiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kitambaa kingine ambacho hakijakatwa.

"Hii usije ukaitupa," alisema. "Ina mwenyewe. Inuka, tuna mapazia ya kukata. Na sasa unaweza kusema."

Redio alifungua mdomo. Alikuwa na hotuba, alikuwa ameiandaa tangu juzi, yenye mwanzo na mwisho. Haikuja. Alivuta mikono kutoka chini ya mapaja, imekufa ganzi yote miwili, na shangazi akainama akaishika ili aisugue. Alianza na ule wa kushoto.

"Ahsante, shangazi," Redio alisema.